Rafiki, Suruali, Bunduki: Masharti ya Kuingia Katika Chama cha Walengaji wa Baghdad

Katika nchi nyingi za Ulaya hivi leo, mtu apendaye kushindana katika kulenga shabaha hawezi kufika tu uwanjani na silaha yake. Hana budi kwanza kuwa mwanachama. Na ili awe mwanachama, mara nyingi yampasa aletwe na wanachama wa zamani, alipe ada, apitishe muda wa majaribio chini ya uangalizi wao, na jina lake liandikwe katika daftari ambalo serikali yaweza kulidai. Masharti ya namna hiyo hudhaniwa kuwa ni zao la dola za kisasa, zenye polisi na vitambulisho. Historia yaonyesha vingine. Miaka zaidi ya mia nane iliyopita, mjini Baghdad, hakuna aliyeruhusiwa kulenga ila yule aliyejiunga, na mlango wa kujiunga ulikuwa mmoja tu: khalifa mwenyewe. Habari hiyo ina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kwani maneno mengi yaliyotumika katika chama hicho yangali vinywani mwetu kila siku, nasi hatuyashuku: rafiki, suruali, hakimu, wajibu na bunduki.

Yafaa kuanza na hili la mwisho. Katika karne ya 12 bunduki kwa maana tuijuayo haikuwako. Neno la Kiarabu *bunduq* lilikuwa jina la tunda dogo gumu, la mviringo, lililotoka katika nchi za pwani ya Bahari Nyeusi. Wagiriki waliziita pwani hizo Pontos, na tunda hilo wakaliita kokwa la Pontos, ambako ndiko neno la Kiarabu lilikotoka. Kwa kufanana umbo, jina likahamia kwenye kitonge cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde ili kuangusha ndege. Watoto wetu wanaofinyanga vitonge na kuvianika juani kwa ajili ya manati wanafanya kazi ileile, ila chombo cha Baghdad kilikuwa upinde kamili. Wako wanaolihusisha jina la silaha na mji wa Venezia, uitwao kwa Kiarabu al-Bunduqiyya. Maelezo hayo yanavutia masikio, lakini njia ya kitonge ni fupi na ina ushahidi zaidi.

Mchezo huu ulishukiwa tangu mapema. Mwanahistoria al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, asimulia kwamba Madina ilipoanza kutajirika katika zama za khalifa Uthman (644–656), watu walizoea kurusha njiwa na kupiga vitonge, naye Uthman akamweka mtu wa kukata njiwa mbawa na kuvunja pinde hizo. Wanasheria nao walikuwa na neno: mnyama aliyekufa kwa kugongwa si halali kuliwa, na kitonge hugonga, hakichomi. Mpigaji ilimbidi amwahi ndege kabla ya roho kutoka. Hata hivyo mchezo haukufa. Katika vinamasi vya Iraki, ambako ndege wa maji hupita kwa makundi makubwa wakati wa baridi, ulikua ukawa sanaa yenye mabingwa na kanuni.

Sambamba na sanaa hiyo palikuwa na kitu kingine, *futuwwa*. Shina lake ni *fata*, kijana. Maana yake ni ujana uliotimia, ushujaa na ukarimu kwa pamoja. Claude Cahen, aliyechunguza sana miji ya Mashariki ya zama hizo, ameonyesha jinsi vikundi vya vijana wa futuwwa vilivyopata nguvu kila mkono wa serikali ulipolegea. Walikula pamoja, walilindana, walipigana mitaani, wafanyabiashara waliwaogopa. Basi khalifa al-Nasir li-Din Allah, aliyetawala tangu 1180 hadi 1225, alipokuwa bado kijana, alifanya jambo lisilotazamiwa. Hakuwapiga marufuku. Mnamo 1182 au 1183 aliingizwa chamani na mzee mmoja wa futuwwa aitwaye Abd al-Jabbar, kwa sherehe ileile waliyofanyiwa watu wa sokoni.

Sherehe yenyewe yastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyokuwa sharti. Mwombaji alifungwa kwanza mshipi kiunoni. Alikuwa sasa ameingia nusu, mtu wa kutazamwa. Alikunywa maji ya chumvi katika kikombe, akinywa kwa jina la mkubwa aliyemleta. Na baadaye, mwenendo wake ukiridhisha, akavishwa suruali, *sarawil*, ndipo akahesabiwa kuwa amekamilika. Wanachama waliitana *rafiq*. Hivyo mtu hakuingia katika chama kwa jumla. Aliingia kwa mtu fulani, naye huyo kwa mtu mwingine, na mnyororo ukapanda mpaka kwa Ali bin Abi Talib, aliyehesabiwa kuwa chimbuko la futuwwa. Ibn al-Mi'mar, mwanasheria wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1244, aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo. Kwa mujibu wake, mwombaji yampasa awe mwanamume, baleghe, mwenye akili timamu, mwenye dini na mwenye mwenendo mnyofu. Msomaji atatambua kwamba hakuna sharti hata moja hapo linalohusu ustadi.

Mwaka 1207 mwanachama mmoja aliuawa na mwenzake katika ugomvi wa makundi. Khalifa alitoa amri iliyosomwa mbele ya wakubwa wa chama nao wakaahidi kuifuata: mwuaji hutoka katika futuwwa na kukabidhiwa kisasi cha sheria, na anayemficha hushirikiana naye katika hatia. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu. Ikiwa Ali ndiye chimbuko la futuwwa, na Ali alitekeleza sheria bila kupendelea, basi rafiki hawezi kumlinda rafiki yake dhidi ya sheria. Kwa hoja hiyo uanachama, ambao hapo kwanza ulikuwa ngao mbele ya serikali, uligeuzwa kuwa kamba mkononi mwa serikali.

Walengaji wa vitonge walikuwa na utaratibu wao, uliofanana na huo bila kuwa huohuo. Hawakupiga ndege yeyote. Palikuwa na orodha ya ndege kumi na wanne, miongoni mwao korongo, bata bukini na tai, walioitwa ndege wa wajibu; fahari ya mlengaji ilikuwa kuwaangusha mmoja baada ya mwingine. Kila pigo lilitaka mashahidi. Tena lilitaka jina: mpigaji alipiga kwa niaba ya mkubwa aliyejinasibisha naye, kama vile mnywaji alivyokunywa kwa niaba yake. Kwa mantiki ya utaratibu huo, mtu asiye na mkubwa aliweza kuangusha korongo mchana kweupe mbele ya umati mzima, na bado asiwe amepiga kitu.

Hapo ndipo al-Nasir alipoingilia. Ibn al-Athir, mwanahistoria aliyeishi Mosul wakati huohuo (1160–1233), asema kwamba khalifa alibatilisha futuwwa nchini kote isipokuwa ya wale waliovishwa suruali naye; alikataza njiwa wa kupeleka barua isipokuwa waliotokana na njiwa wake; na alikataza kupiga vitonge isipokuwa kwa mtu aliyejinasibisha naye. Watu wa Iraki na wa nchi nyingine walitii. Kisha Ibn al-Athir anaongeza habari ambayo waandishi wengi wa baadaye wameipita haraka mno. Mtu mmoja hakutii. Alikuwa mkazi wa Baghdad aitwaye Ibn al-Saft. Alikimbia Iraki akaenda Shamu. Khalifa hakutuma askari. Alituma ahadi ya fedha nyingi, ili mradi mtu huyo akubali kupiga kwa jina lake. Akakataa. Rafiki yake alipomlaumu kwa kuacha mali, Ibn al-Saft alijibu kwamba fahari aliyo nayo yamtosha: kati ya walengaji wote duniani, yeye peke yake ndiye asiyelenga kwa ajili ya khalifa.

Habari hii yataka kupimwa kwa uangalifu. Ibn al-Athir hakumpenda al-Nasir. Alimwona mtawala mbaya aliyeidhoofisha Iraki, na mapenzi yake kwa njiwa, suruali na vitonge aliyataja kama kioja. Kwa hiyo yawezekana kisa kilinoleshwa kidogo ili kimchome khalifa. Lakini hata kikipunguzwa, chaonyesha jambo ambalo amri rasmi hazionyeshi. Kama sharti la uanachama lingekuwa la usalama tu, mlengaji mmoja aliyekwisha kuhamia Shamu hangekuwa na thamani ya kutumiwa fedha. Khalifa hakuhitaji kitonge cha Ibn al-Saft. Alihitaji jina lake katika mnyororo. Orodha inayodai kuwa na watu wote huharibiwa na mtu mmoja aliye nje yake, hasa akiwa hodari. Na Ibn al-Saft alilifahamu hilo kuliko rafiki yake aliyehesabu dinari.

Franz Taeschner na Cahen, tofauti na Ibn al-Athir, wameona katika vioja hivyo siasa yenye mpango, na ni vigumu kuwapinga. Khalifa wa wakati ule alikuwa na heshima kubwa na ardhi chache. Njiwa walibeba habari, vijana wa futuwwa walikuwa na mikono, walengaji walikuwa na silaha. Aliyeshika milango ya makundi hayo matatu alikuwa na zaidi ya jeshi lake. Mnamo 1210 au 1211 wajumbe wake waliwafikia wafalme wa pembeni, miongoni mwao al-Adil, ndugu yake Salah al-Din, wakiwataka wanywe kikombe, wavae suruali, na wajinasibishe na khalifa katika kulenga. Wafalme walikubali kwa urahisi. Kikombe cha maji ya chumvi hakikuwagharimu jimbo hata moja.

Baghdad ilianguka mikononi mwa Wamongolia mwaka 1258. Ukoo wa makhalifa ulihamia Kairo, na huko sultani Baybars naye akavishwa suruali. Walengaji walidumu Misri na Shamu wakiwa na ofisa wao, *hakim al-bunduq*, hakimu wa vitonge, aliyeamua ni pigo lipi limethibiti. Al-Qalqashandi, karani wa diwani aliyefariki mwaka 1418, ameweka mifano ya hati za namna hiyo katika kitabu chake kikubwa cha ukatibu, kando ya barua za wafalme. Kisha ikaja baruti. Mwishoni mwa karne ya 15 jeshi la Misri lilikuwa linajifunza chombo kipya kilichorusha kitonge cha madini, *bunduq al-rasas*, yaani kitonge cha risasi. Jina la kitonge likapanda tena, safari hii kutoka kwenye kinachorushwa hadi kwenye kinachorusha.

Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili na kuyatenganisha: bunduki ni chombo, risasi ni kile kitokacho humo. Katika karne ya 19 misafara iliyabeba pamoja na vyombo vyenyewe hadi Nyangwe na Kasongo kwa Tippu Tip, na hadi Bunkeya kwa Msiri, ambako pembe na shaba zilibadilishwa kwa magobori na baruti. Suruali ilikuja kama vazi, rafiki kama mtu wa kupendwa, hakimu kama mtu wa mahakama. Hakuna aliyeleta kikombe wala mnyororo.

Maneno hayo nayo hayakuingia kila lugha bila masharti. Katika Kiswahili sanifu bunduki ilipewa nafasi katika ngeli isiyobadilika, moja na nyingi sawa. Kilingala kilidai zaidi. Risasi imekuwa *lisasi*, na wingi wake *masasi*, kama vile silabi ya kwanza ilikuwa kiambishi tangu mwanzo. Masasi hayo yasikika hata katika Kiswahili cha Lubumbashi. Bunduki nayo imekuwa *bondoki*, wingi *mandoki*. Sehemu ya shina la kale, iliyokuwa imesafiri kutoka Pontos hadi Baghdad bila kuguswa, ilikatwa ukingoni mwa Mto Kongo, na jina lililobaki Ibn al-Saft mwenyewe asingelitambua.