Boti Yako Inaliwa Ikiwa Imeegeshwa: Rada Yote ya Kifuniko cha Boti Ziwa Turkana

Wasee wengi wakinunua boti wanapiga hesabu ya injini, ya mafuta na ya nyavu, alafu wanasahau kitu moja. Boti hukaa imeegeshwa masaa mingi kuliko yale iko majini ikitafuta doh. Na hayo masaa ya kusimama ndiyo yanaimaliza mos mos. Kama mmechanga na mabeshte hapo Lodwar mnunue boti ya kupeleka wageni Central Island, ama familia yenu inavua Kalokol, hii ni yenu.

Shida ni kwamba maelezo mengi ya vifuniko vya boti yameandikiwa watu wa Marekani na Ulaya, kwenye boti inalala ikingoja theluji iishe. Huko adui nambari moja ni maji. Turkana mpangilio umegeuka: kwanza jua, pili upepo, alafu maji. Ukinunua kifuniko ukifikiria mvua pekee, upepo utakufunza adabu wiki ya kwanza.

Kifuniko cha kuegeshea ni gani?

Ni kitambaa kizito kinachofunika boti yote, ukingo hadi ukingo, ikiwa imesimama. Inaweza kuwa imefungwa majini ama imevutwa kwa mchanga. Si ile paa ya kivuli unakaa chini yake ukiendesha. Na si kile cha kusafirishia, ambacho hushonwa kikabana boti kabisa. Ukipakia boti kwa lori kutoka Lodwar mpaka Kalokol, kama kilomita 60 hivi, na kifuniko cha kuegeshea kiko juu, kitafika kikiwa matambara ya kupangusa meza.

Hizi vitu ni lazima sana kwa boti za pontuni, zile zinaelea juu ya mapipa marefu ya alumini. Juu yake ni sakafu bapa na makochi, kila kitu kiko wazi kama sebule bila paa. Ziwa Turkana utapata zaidi boti za mbao na za fibaglasi, lakini hesabu ni ile ile. Viti vya sponji, betri, mpira wa mafuta, kamba, sakafu na jaketi za kuokoa maisha, vyote viko uchi.

Adui wa kwanza: jua

Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 tu kwa mwaka, na mchana nyuzi 35 ni siku ya kawaida. Lakini kinachoharibu vitu si joto pekee, ni ile miale ya jua usiyoiona. Inakata nyuzi za kitambaa na plastiki kidogo kidogo. Ndio maana kiti cha ngozi bandia kinaanza kikiwa laini, kinakauka, kinapasuka mahali pa mshono, alafu sponji inakunywa maji na kuoza. Fibaglasi nayo inapoteza mng'aro na kuanza kutoa unga mweupe ukiigusa. Mpira wa kupitisha petroli unapata nyufa, na hapo si urembo tena, hapo ni moto.

Kitu inauma zaidi ni jaketi za kuokoa maisha. Jaketi iliyoachwa juani miezi na miezi inaweza kuonekana iko fiti, lakini mikanda na mishono yake imechoka. Ziwa hili lina mamba, na mawimbi yake yanaamka haraka. Siku utaihitaji hiyo jaketi ndiyo siku mkanda utakatika. Rangi ikishapauka kabisa, hiyo ni dalili. Vuta mikanda kwa nguvu ukiwa nchi kavu: ikiachia mkononi, hiyo jaketi imeisha, usimpatie abiria.

Adui wa pili: upepo

Upepo wa Turkana si wa kawaida, na una sababu. Hewa kutoka kusini-mashariki hupita kwa mwanya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, inabanwa na kuongeza kasi. Wataalamu wa hali ya hewa wameandika sana juu ya huu mkondo. Huwanga na nguvu zaidi usiku na alfajiri, yaani wakati wewe uko kwa keja umelala na boti iko peke yake. Kama unadhani ni story, vuka macho upande wa Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana ulizinduliwa rasmi Julai 2019 ukiwa na mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Watu hawaweki pesa ya aina hiyo mahali upepo unabahatisha.

Cheki hesabu. Upepo wa kilomita 54 kwa saa ukigonga turubai la mita 10 za mraba moja kwa moja, unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 135. Hiyo ni gunia moja na nusu la mahindi, zile za kilo 90. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Sasa fikiria umefunga hiyo kitu na kamba mbili za manila na jiwe.

Adui wa tatu: maji

Mvua ni kidogo lakini ikikuja inakuja na hasira. Mtu wa Lodwar anajua vile Kawalase hujaa ghafla, na wa Kakuma anajua Tarach. Kifuniko kikilegea katikati kinafanya bakuli. Dimbwi la mita 2 kwa mita 2 lenye kina cha sentimita 5 ni lita 200, yaani kilo 200. Hapo mshono unapasuka ama nguzo inatoboa turubai.

Alafu kuna maji ya ziwa yenyewe. Yana chumvi na magadi, na yakikauka yanaacha unga mweupe unaosugua kitambaa na kula vyuma vidogo kama zipu na vifungo.

Chagua kitambaa gani?

Turubai jepesi la plastiki, lile la buluu ama la rangi ya fedha, ni bei ya chini na linapatikana kila mahali. Lakini kwa jua hii linaanza kumeguka mapema. Ni la dharura.

Turubai la lori, lile la polyesta lililopakwa plastiki, ni zito, halipitishi maji na linavumilia kukwaruzwa. Ubaya wake, halipumui. Lazima uliachie njia za hewa.

Kanvasi ya pamba inapumua vizuri, lakini ikilowa inakuwa mzigo, na ikikunjwa mbichi inaoza.

Akriliki iliyotiwa rangi ndani ya uzi wenyewe ndiyo hushikilia rangi muda mrefu kwa jua. Ni ghali, na hupatikana zaidi miji mikubwa.

Kwa wasee wengi wa huku, turubai la lori la rangi isiyokolea ndilo linaleta maana. Nyeusi inapika kila kitu chini yake. Alafu uliza uzi. Uzi wa pamba hufa kabla ya turubai, kwa hivyo mwambie fundi atumie uzi wa polyesta ulio mnene.

Kushonesha Lodwar ama Kakuma

Si lazima uagize kutoka nje. Fundi anayeshona viti vya nduthi na maturubai ya lori anaweza hii kazi, mradi umpelekee vipimo vya ukweli. Pima urefu kutoka pua ya boti hadi nyuma ya injini. Pima upana pale boti ni pana zaidi, na utambae juu ya viti, usikate njia ya mkato. Ongeza sentimita 30 kila upande za kushuka chini ya ukingo. Mwambie aweke viraka vya ziada kila mahali kitambaa kitagusa kona, nguzo ama usukani, kwa sababu huko ndiko hutoboka.

Kakuma haina ziwa, iko kama kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, lakini hakuna mahali watu wanajua turubai kama huko. Kambi ilianza 1992, na tangu hapo familia nyingi zimelala chini ya plastiki zikijua vizuri vile jua na upepo huifanya. Ni ujuzi wa kuheshimu. Na hapo kuna jambo la kusema wazi: ukiuziwa bei ya kutupa turubai la msaada, jua hiyo inaweza kuwa paa ya mtoto wa mtu. Nunua turubai la duka.

Kufunga bila kujuta

Anza na umbo. Weka nguzo ama mti mrefu katikati kutoka mbele hadi nyuma, turubai likae kama paa ya nyumba, si kama meza. Ncha za nguzo zivalishe vipande vya tairi zisitoboe.

Boti ikiwa nchi kavu, elekeza pua kusini-mashariki, upepo uteleze badala ya kuingia chini. Anza kufunga mbele, malizia nyuma. Pale vipande viwili vinakutana, mdomo wa juu uangalie nyuma, upepo usipate mahali pa kuingiza kidole.

Weka pete za chuma kila sentimita 50 hadi 60. Pitisha mikanda chini ya boti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye kila mkanda ongeza kipande cha blada, ile mipira ya tyubu watu wa nduthi hufungia mizigo. Blada inavuta na kurudi, kwa hivyo upepo haupati kitu kigumu cha kukata. Ibadilishe ikianza nyufa, hiyo pia jua huila.

Usining'inize mawe. Yakipigwa na upepo yanagonga boti usiku kucha. Tumia mifuko ya mchanga ama mitungi midogo yenye maji.

Na uvute boti juu ya kutosha. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kufunika sehemu ambazo zilikuwa ufuo, kwa hivyo alama ya maji ya zamani isikudanganye.

Hewa, petroli na wageni wasioalikwa

Acha matundu mawili ya hewa, moja kila mwisho, yaliyofunikwa juu kama kofia. Bila hayo unyevu unabaki ndani na viti vinaota ukungu. Jaketi zianikwe kivulini zikauke kwanza ndio ziwekwe chini ya kifuniko.

Usiache mtungi wa petroli chini ya turubai lililobana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwa sakafu ukingoja cheche. Ukifika asubuhi toa kifuniko chote, acha hewa ipite dakika 5, nusa, ndio uguse swichi. Na injini isiwashwe hata sekunde moja ikiwa imefunikwa, moshi wake unaua.

Kivuli Turkana ni mali, kwa hivyo nge na nyoka wanakitafuta pia. Inua ukingo na fimbo, si mkono. Mbuzi nao wanapenda kupanda. Kwato ya mbuzi ni msumari.

Kukitunza

Pangusa vumbi na ufagio laini kila wiki, kwa sababu mchanga ukikaa kwa mikunjo unasugua kama msasa. Usioshe na maji ya ziwa ukaacha hivyo. Maji matamu ni shida huku, kwa hivyo ndoo moja yenye sabuni ya kawaida na kitambaa vinatosha. Jiki na petroli hapana, vinamaliza uzi na ile plastiki ya juu. Kinyesi cha ndege kitoe mapema kabla kikauke.

Kila mwezi kaa chini ya kifuniko mchana uangalie juu. Ukiona nukta za mwanga kwa mshono, peleka kwa fundi kabla nukta iwe mdomo. Kushona upya mshono ni kazi ndogo. Ukibonyeza turubai na kidole gumba na lilie kama karatasi kavu, limefika mwisho.

Kabla uondoke ufuoni

1. Petroli imetolewa, nyaya za betri zimechomolewa.
2. Jaketi ni kavu na ziko mahali pa kufikia haraka.
3. Katikati kumeinuka, hakuna bakuli.
4. Mikanda yote imekaza, blada zote nzima.
5. Matundu ya hewa yako wazi.
6. Shika ukingo wa mbele uvute juu kwa nguvu zako zote. Ukiinuka kwa mkono wako, saa kumi usiku upepo utauinua pia.