Daraja Linalojityuni na Bei Yake

Uzi wa gitaa hautulii. Uzi wa tano, ambao ukipigwa wazi hutetema mara 110 kwa sekunde, ukiongezewa mkazo kwa asilimia moja tu hupanda kwa takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya nusu toni, na sikio lililozoea hulitambua hilo mara nyuzi mbili zinapolia pamoja. Joto la taa za jukwaani huulegeza, unyevu wa hewa huisogeza shingo ya mbao, na kidole kinachobonyeza kwa nguvu huipandisha sauti bila mpigaji kukusudia. Kwa karibu miaka mia moja mafundi wa gitaa la umeme wamekuwa wakitafuta namna ya kuutuliza uzi huo, na leo wapo wanaouza daraja, yaani kile kipande kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, linalojityuni lenyewe. Je, lina thamani? Historia ya chombo hiki inajibu kwamba linayo, ila kwa kazi maalumu, kwa kuwa kila kifaa kilichowahi kulinda tyuni kilichukua kitu mkononi mwa mpigaji.

Tatizo lenyewe kwa sehemu kubwa lililetwa na ubunifu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mmarekani Doc Kauffman alibuni mkono mdogo wa chuma wa kutetemesha sauti: ukiusukuma, nyuzi hulegea na kukaza, na noti huyumba kama sauti ya mwimbaji. Kasoro yake ni kwamba nyuzi hazikurudi pale zilipokuwa. Mpigaji Merle Travis alikuwa nao mmoja, akampelekea fundi Paul Bigsby autengeneze, na Bigsby akaishia kuunda wake. Mwaka 1954 mtengenezaji wa magitaa Leo Fender, ambaye zamani alikuwa mshirika wa Kauffman, alitoa gitaa la Stratocaster lenye daraja linaloegemea ukingo wa bamba lake, nyuzi zikilivuta mbele na springi hadi tano zikilivuta nyuma. Utaratibu huo ulikuwa wa werevu sana, lakini ulifunga hatima ya kila uzi na ya mwenzake. Daraja likiwa limesawazishwa kuelea, uzi mmoja ukikatika springi hushinda, daraja hurudi nyuma, na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote kwa pamoja.

Dawa ya hapo ilitoka kwa Floyd Rose, mpiga gitaa aliyekuwa pia akitengeneza vito. Aliona kwamba uzi hupoteza tyuni hasa kwa sababu ya msuguano kwenye kizingiti, yaani kile kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi shingo inapokutana na kichwa. Hataza yake ya 1979 ililinda wazo la kuzibana nyuzi kwa skrubu ncha zote mbili, zisiteleze popote. Mpiga gitaa Eddie Van Halen akaupokea mfumo huo, na katika miaka ya 1980 ukaenea kwenye muziki wa roki mzito. Tazama hata hivyo gharama yake. Nyuzi zikishabanwa kizingitini, vigingi vya kutyuni vya kichwani havifanyi kazi tena, hivyo ikabidi viongezwe vigingi vingine vidogo kwenye daraja. Kubadilisha uzi mmoja kunahitaji funguo maalumu, na mara nyingi koleo la kukata kishina chake. Mpigaji alipata uthabiti, akapoteza wepesi.

Njia ya pili ilikuwa kuiachia mashine masikio. Mpiga gitaa Jimmy Page alitumia katika miaka ya 1990 gitaa la Les Paul lililowekewa mitambo ya TransPerformance, ambayo kwa mota zake huhamisha nyuzi kutoka tyuni moja hadi nyingine. Mwishoni mwa 2007 kampuni ya Gibson ikazindua gitaa lililoitwa Robot, lenye mfumo wa kampuni ya Tronical ya Hamburg: unapiga nyuzi, kompyuta ndogo inasikiliza, mota zinazungusha vigingi. Mwaka 2015 Gibson iliweka mfumo wa aina hiyo kwenye magitaa yake mengi ya Marekani na kupandisha bei. Wanunuzi waligoma, na ndani ya muda mfupi vigingi vya kawaida vikarudi. Wapo wanaodhani kushindwa huko ndiko kulikoifikisha Gibson kwenye ufilisi wa 2018, lakini madeni yale yalihusiana zaidi na biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani iliyokuwa imejiingiza. Roboti ilishindwa kwa sababu rahisi zaidi. Ilifanya kazi ambayo kipimo kidogo cha kubana kichwani mwa gitaa huisaidia kwa bei ndogo, yaani kutyuni kabla ya wimbo, na haikuzuia gitaa kupoteza tyuni katikati ya wimbo.

Hapo ndipo daraja la EverTune linapotofautiana. Halina betri wala mota. Kila uzi una kitako chake kilichounganishwa na springi na wenzo ndani ya mwili wa gitaa. Uzi ukilegea, springi huuvuta; ukikaza, kitako huuachia kidogo; mkazo unabaki uleule. Zungusha kigingi nusu duara, na noti haibadiliki, jambo linalomshangaza kila anayelijaribu mara ya kwanza. Kwa studio inayorekodi gitaa lilelile mara nne juu ya nyimbo zenye nyuzi nene zilizoshushwa chini, hapa kuna faida ya kweli: saa zinazopotea kwa kurudia kipande kilichoharibiwa na mkono mzito zinaokolewa.

Pingamizi kubwa ni kwamba kifaa hiki kinaua kuvuta uzi kwa kidole, pambo ambalo bluzi na roki haziwezi kuishi bila hilo. Ni kweli kwa sehemu tu. Kigingi kikikazwa hadi ukingoni mwa safari ya springi, uvutaji hurudi, ila ulinzi dhidi ya kubonyeza sana hupungua. Mkono wa kutetemesha haupo kabisa, na mwili wa gitaa lazima uchimbwe, kazi isiyorudishika. Pingamizi jingine husema sikio la mpigaji litalala. Hilo halina uzito. Sikio halikulala kipimo cha mkononi kilipokuja katika miaka ya 1970.

Basi anayepiga solo, ridhimu au solo la pili katika bendi ya dansi, ambako magitaa matatu husukana kwa sauti safi na kosa la mmoja husikika kwa wote, asianze na daraja hili. Aanze na kizingiti kilichochongwa vizuri, nyuzi mpya zilizonyooshwa kabla ya onyesho, na fundi anayepima urefu wa kila uzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa magitaa mengi uko kizingitini. Daraja linalojityuni linunuliwe na yule ambaye tayari ameziba ufa huo, hahitaji mkono wa kutetemesha, na hulipia kila saa ya studio.