Jiwe Lisilo na Kitenzi: Mwamba wa Mugere na Swali la Kuondoa Alama za Kikoloni Bujumbura

Kilomita zipatazo 12 kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, pana mwamba mkubwa unaolitazama Ziwa Tanganyika. Umechongwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Hakuna neno jingine. Kwa macho ya mtaalamu wa lugha, jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba maandishi hayo hayana kitenzi. Wenye majina walifanya nini mahali hapo siku hiyo? Jiwe halisemi, na kwa kuwa halisemi, wasomaji wake wamelisemea. Kitenzi walichokiongeza ni kimoja, nacho si sahihi: walikutana.

Makala haya yanashughulikia swali ambalo tangu mwaka 2020 limekuwa likiulizwa katika miji mingi: je, alama za umma zilizoachwa na ukoloni ziondolewe? Mwezi Juni mwaka huo sanamu ya Edward Colston iliangushwa na waandamanaji mjini Bristol, Uingereza, na siku mbili baadaye sanamu ya Leopold II iliondolewa katika kitongoji cha Ekeren mjini Antwerp, Ubelgiji. Mwezi Agosti, Seneti ya Burundi ilitaka Ujerumani na Ubelgiji zilipe fidia ya Euro bilioni 36 kwa madhara ya utawala wao. Katika hali hiyo, mwamba wenye majina ya wasafiri wawili wa Kizungu, ulio mwendo mfupi wa gari kutoka jiji kuu la biashara la nchi, hauwezi kuachwa nje ya mjadala. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mjadala wa kuondoa au kubakiza hauna budi kutanguliwa na usomaji wa maandishi yenyewe: yamesema nini, yamenyamazia nini, na yamesema kwa lugha ya nani.

Kilichotokea Mugere

Mkutano mashuhuri wa Stanley na Livingstone ulifanyika Ujiji, katika Tanzania ya leo. Tarehe iliyotangazwa na Stanley ni 10 Novemba 1871. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku kutokana na maradhi na safari ndefu, na shajara yake inauweka ujio wa mgeni wake mwishoni mwa Oktoba. Kwa vyovyote vile, walipofika Mugere walikuwa wamekwisha kukaa pamoja kwa muda, wamekula pamoja na kusoma barua pamoja. Hapakuwa na la kukutana.

Waliondoka Ujiji tarehe 16 Novemba kwa mtumbwi, wakaelekea kaskazini kwa kuifuata pwani ya mashariki ya ziwa. Swali lililowapeleka lilikuwa la jiografia: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama ungetoka, huenda Tanganyika ingekuwa miongoni mwa vyanzo vya Nili. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858 bila kuuona mlango wa mto huo, ingawa wenyeji waliwaambia waziwazi kuwa maji yanaingia ziwani. Miaka 13 baadaye, Livingstone na Stanley waliona kwa macho yao lile ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kulisema.

Katika safari hiyo ndipo walipofikia kwa mtawala wa mahali aliyeitwa Mukamba, wakalala kwake siku mbili, kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba. Kitabu cha Stanley kinasimulia kwamba Mukamba aliwakirimu kwa pombe nyingi, hata Susi, mtumishi mwaminifu wa Livingstone, akalewa na usiku kwenda kujilaza katika kitanda cha bwana wake, naye Livingstone akadhani aliyelala kando yake ni Stanley. Kisa hicho cha kuchekesha kina thamani ya kihistoria, kwani kinaonyesha nyumba yenye mwenyeji, ukarimu wenye kanuni zake, na watu ambao majina yao hayakupata nafasi juu ya mwamba. Susi hayupo. Wapiga makasia hawapo. Mukamba, ambaye bila idhini yake pasingekuwa na malazi wala tarehe ya kuchonga, naye hayupo.

Jambo jingine lisiloonekana juu ya jiwe ni lugha ya safari yenyewe. Misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji iliendeshwa kwa Kiswahili. Ndicho kilichotumiwa kuwapangia wapagazi kazi, kupatana bei na kuuliza njia, na kwa watu wa bara lugha zao ziliingia kupitia wakalimani. Msafiri wa Kizungu aliyeandika kitabu chake kwa Kiingereza alikuwa amesikia sehemu kubwa ya yaliyomo kwa Kiswahili, au kwa Kirundi kilichokwisha kupita katika Kiswahili. Mwamba wa Mugere ni kumbukumbu ya safari iliyosemwa kwa lugha za Kiafrika, lakini hauna neno hata moja la lugha hizo. Hata mwezi umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi.

Sanamu zilizobadilishana nafasi Dar es Salaam

Wanaotaka alama za kikoloni ziondolewe, na wanaotaka zibaki zikiongezewa maelezo, hujadili kana kwamba uamuzi wa namna hii ni mpya. Afrika Mashariki imekwisha kuufanya mara nyingi, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Dar es Salaam, mji uliokuwa makao makuu ya koloni moja na Urundi kabla ya mwaka 1916.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha huko sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake askari wa Kiafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu hiyo na kuipeleka London. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na haikusimamishwa tena mahali pale.

Huku Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza walizindua sanamu ya Askari, iliyopo hadi leo katika Barabara ya Samora. Ni kana kwamba bwana aliondoka juu ya kitako na askari aliyekuwa chini akapandishwa. Maandishi yake yamo katika Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu, na maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, yakiwafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapa vitenzi vipo tele. Kisichokuwapo ni majina: ahadi ya kukumbuka jina imeandikwa juu ya mnara usiotaja jina la askari hata mmoja.

Mfano huu unatoa onyo kwa washauri wa sera wanaodhani kwamba kuongeza maelezo kwa lugha ya wenyeji kunatosha. Kiswahili cha mnara wa Askari ni tafsiri ya fikra iliyoundwa kwingine. Neno «nchi yake», likiandikwa kwa ajili ya mpagazi aliyechukuliwa kijijini kwake kubeba mizigo ya jeshi la dola moja dhidi ya dola nyingine, lina utata ambao tafsiri haikuugusa. Jina la mtaa wa Kariakoo, lililotokana na kambi ya kikosi cha wapagazi hao, limewatunza wapagazi kwa uaminifu zaidi kuliko shaba iliyosimama mbali kidogo nalo. Hakuna kamati iliyolipitisha, na watu wanaolitaja kila siku kwenda sokoni hawahitaji kujua kuwa wanaadhimisha chochote.

Kinshasa nayo inafaa kutajwa kwa ufupi. Sanamu ya Leopold II iliyoondolewa wakati wa Mobutu ilisimamishwa upya katikati ya jiji mwezi Februari 2005 kwa amri ya waziri mwenye dhamana ya utamaduni, na ikaondolewa saa chache baadaye. Wakazi hawakuulizwa ilipopandishwa, wala hawakuulizwa iliposhushwa.

Bujumbura na uondoaji usiotumia nyundo

Bujumbura ina uzoefu wake, ingawa aghalabu hautajwi katika mijadala ya sanamu kwa sababu ulifanywa kwa maneno. Jina la mji lenyewe lilikuwa Usumbura wakati wa Wajerumani na Wabelgiji, likabadilishwa kuwa Bujumbura nchi ilipopata uhuru mwaka 1962. Tarehe 1 Julai 2019, katika maadhimisho ya uhuru, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba uwanja wa ndege utaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, na uwanja wa michezo uliobeba jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore utaitwa Intwari.

Badiliko hili la pili linastahili kuangaliwa kwa makini. Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961 katika mji huu huu, ndiye shujaa wa uhuru anayeadhimishwa na taifa kila mwaka, na kaburi lake lingali linautazama mji kutoka kilimani. Intwari kwa Kirundi ni shujaa. Jina la pekee limebadilishwa kwa nomino ya kawaida, yaani mtu ameondolewa na sifa yake ikabaki. Anayetetea uamuzi huo anaweza kusema kwamba uwanja sasa ni wa mashujaa wote, na hoja hiyo ina uzito katika nchi ambayo kila upande una wafu wake. Lakini shujaa asiye na jina ni rahisi kujazwa jina lolote baadaye, kama vile jiwe lisilo na kitenzi lilivyojazwa kitenzi. Zaidi ya hayo, uamuzi ulitoka juu na kutangazwa katika hotuba. Kwa hiyo, anayeuliza kama Bujumbura iamue kuhusu mwamba wa Mugere anapaswa kwanza kuuliza ni kwa utaratibu gani Bujumbura huamua.

Nini kifanywe na mwamba

Hoja ya kuondoa isibezwe. Stanley, baada ya safari zake za kwanza, alimtumikia Leopold II kuanzia mwaka 1879 katika kuweka misingi ya Dola Huru ya Kongo. Kulitunza jina lake kwa gharama ya umma, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo yenyewe, ni jambo linaloweza kumuumiza mtu kwa haki. Hata hivyo mwamba si sanamu. Wissmann alisafirishwa kwa meli, akawekwa ghalani, akarudishwa. Mwamba wa Mugere ni sehemu ya mlima. Kuyaondoa maandishi yake ni kuyachonga yafutike, na baada ya hapo hakuna ghala wala jumba la makumbusho litakaloyapokea. Na simulizi ya «walikutana» haimo katika jiwe. Imo vinywani mwa waongozaji wa watalii na katika vitabu vya safari, nako haifikiwi na patasi. Jiwe likitoweka, simulizi hiyo itabaki bila ushahidi wa kuipinga, maana tarehe iliyochongwa ndiyo inayoikanusha: siku 15 baada ya Ujiji.

Kwa sababu hiyo makala haya yanaelekea kwenye kubakiza, kwa sharti kwamba bamba litakalowekwa kando yake liandikwe kwanza kwa Kirundi na Kiswahili, na Kifaransa na Kiingereza vifasiriwe kutoka humo, kinyume cha ilivyofanywa Dar es Salaam. Kuhusu Kiswahili pana ugumu usiofaa kufichwa. Katika Kirundi, neno umuswahili mara nyingi hubeba maana ya mtu wa mjini, mjanja, asiyeaminika, na wakazi wa Buyenzi wameishi na lawama hiyo kwa miaka mingi. Watakuwapo watakaoona bamba la Kiswahili kuwa ni ugeni mwingine juu ya ugeni. Jibu lao limo katika historia yenyewe ya siku zile mbili, ambazo Mukamba na wageni wake wasingeelewana bila lugha hiyo ya misafara.

Linabaki suala la namna ya kumtaja Mukamba. Chifu ni neno la tawala za kikoloni. Sultani ni desturi ya waandishi wa misafara, waliowaita hivyo watawala wa kila namna. Mtemi ni cheo cha Unyamwezi. Kirundi kina umutware na kina umuganwa, na kumpa cha pili ni kudai undugu na nyumba ya kifalme, dai linalohitaji ushahidi wa nasaba. Kabla fundi hajaitwa, ni vyema wazee wa Mugere waulizwe cheo hicho, na majibu yao yarekodiwe kwa Kirundi kama watakavyoyasema, hata yakipingana.