Gulbadan Begum: Bibi Aliyehifadhi Habari za Nyumba Yake

Miongoni mwa elimu ambazo Waislamu wa mwanzo walizipa uzito ni elimu ya nasaba. Sayyidna Abubakar (r.a.) alijulikana kuwa mjuzi mkubwa wa nasaba za Makureshi, na Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) hadithi inayotuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Makusudio yake si kujifakharisha. Anayegawa mirathi, anayefungisha ndoa na anayetaka kujua nani maharimu wake, wote hawana budi kujua nani ni mtoto wa nani na nani alinyonya kwa nani. Lakini tukifungua vitabu vya tarekhe tunakuta wafalme na mapigano yao, ama mama zao, dada zao na binti zao mara nyingi hawatajwi hata jina. Kwa ajili hiyo tumeona tumkumbuke Gulbadan Begum, binti wa Babur, muasisi wa dola ya Mughal huko India.

Alizaliwa Kabul mwaka 929 Hijria (takriban 1523 Miladia). Mama yake mzazi ni Dildar Begum, lakini alilelewa na mke mwenziwe, Maham Begum, mama yake Humayun. Baba yake aliiacha Kabul binti akiwa mdogo sana, akashinda vita vya Panipat mwaka 1526, na wakaja kuonana tena Agra mwaka 1529. Mwaka uliofuata Babur akafariki. Binti alikuwa na miaka minane.

Zikapita zaidi ya nusu karne. Akbar, mtoto wa Humayun, alipotaka iandikwe tarekhe ya dola yake, aliwaamrisha waliowaona babu yake na baba yake waandike wanayoyakumbuka. Shangazi yake huyu alikuwa amekaribia miaka sitini na mitano. Aliandika kwa Kifarsi chepesi kilichochanganyika na maneno ya Kituruki, lugha ya nyumbani, wala hakujipamba kwa ibara za makatibu wa ikulu. Mwanzoni tu anabainisha kwamba baba yake alipofariki yeye alikuwa mtoto, hivyo ataandika aliyoyakumbuka na aliyoyasikia. Yaliyotokea Sindh na Uajemi wakati Humayun yuko uhamishoni hakuyaona kwa macho, kwani mwenyewe alibaki Kabul. Aliyachukua kwa waliokuwepo, na wa mbele yao ni Hamida Banu, mama yake Akbar. Wanafunzi wa elimu ya hadithi watauona uzuri wa jambo hili bila ya kuelezwa.

Sehemu yenye thamani kubwa, kwa maoni yetu, ni habari ya Chausa. Mwaka 1539 Humayun alishambuliwa hapo na Sher Khan na jeshi lake likasambaratika ukingoni mwa mto. Waandishi wa vita wanatueleza nani alishinda na kwa hila gani. Gulbadan anahesabu waliopotea. Anamtaja Ayisha Sultan Begum, binti wa Sultan Husayn Mirza. Anamtaja Aqiqa, binti wa Humayun, mtoto wa miaka minane hivi. Anamtaja Chand Bibi, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Na wengineo kwa majina yao. Walitafutwa, isipatikane athari yoyote wala habari.

Ndugu msomaji, mafakihi wameandika mlango mzima kuhusu mafqud, yaani aliyepotea isijulikane kama yu hai au amekufa. Wamalik wanamwekea mke wa aliyepotea miaka minne, kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), qauli mpya ya Imam Shafii ni kungoja mpaka ithibiti kuwa mume amekufa au amemwacha, Wahanafi nao wanangoja mpaka wa rika lake wamalizike. Lakini hukumu hizi zote zinataka kwanza awepo mtu wa kusema: fulani binti fulani hayupo. Kwa wanawake wa Chausa, mtu huyo alikuwa Gulbadan.

Ameandika pia jinsi Hamida Banu alivyokataa kuolewa na Humayun kwa kiasi cha siku arobaini, mpaka Dildar Begum akamnasihi akaridhika, na nikaha ikafungwa Sindh mwaka 948 Hijria (1541). Akbar, aliyeagiza kitabu, ndiye mtoto wa ndoa ile. Bibi hakuona sababu ya kulificha suala la ridhaa ya mama yake.

Kuhusu nafsi yake ni mchache wa maneno. Kuolewa kwake tunakujua kwa njia ya pembeni: Humayun alipomwona tena baada ya vita hakumtambua, kwa kuwa alimwacha amevaa kofia ya wasichana akamkuta amejitanda kitambaa cha wake za watu. Mumewe, Khizr Khwaja, anamtaja kwa uchungu anapoeleza kuuawa kwa Hindal, ndugu yake wa baba na mama, mwaka 1551. Anatamani upanga ule ungempata mumewe au mtoto wake badala ya kaka. Ni maneno mazito, na hatuyasifu, lakini hakuyafuta.

Mwaka 1575 alitoka na msafara wa wanawake wa ikulu kwenda hija. Badauni anaeleza kuwa Makhdum-ul-Mulk, mwanachuoni mkubwa wa zama hizo, alitoa fatwa kwamba hija haiwi wajibu kwa watu wa India, kwa kuwa baharini lazima kuchukua hati ya Wareno, yenye picha za Kikristo. Wareno hao ndio walewale waliozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Wanawake wale walingoja Surat kwa muda mrefu mpaka njia ikapatikana, wakasafiri mwaka 1576, wakakaa Hijazi zaidi ya miaka mitatu na wakahiji mara nne. Wakati wa kurejea jahazi lao likavunjika karibu na Aden, wakazuilika huko miezi mingi. Walifika nyumbani mwaka 1582.

Safari hiyo hatuipati kwa kalamu yake. Nakala pekee ya kitabu inayojulikana, ambayo iko London na ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Annette Beveridge mwaka 1902, imekatika katikati ya sentensi, katika habari za mwaka 1553.

Alifariki mwaka 1603 akiwa na miaka themanini hivi. Hamida alikuwa kando yake. Alimwita kwa jina la mapenzi walilozoeana, asijibu. Akamwita Gulbadan, akafumbua macho, akamwombea yeye aishi. Akbar mwenyewe alilibeba jeneza lake sehemu ya njia. Allah amrehemu.