Kiingilio Kamili: Historia ya Bei ya Tiketi Hadi Kasokola

Kasokola ni kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Kama ilivyo katika kata nyingi za Tanzania, siku ya Simba na Yanga watu hawaendi uwanjani. Wanakwenda kibanda umiza, kuitazama mechi kwenye televisheni. Nje husimamishwa ubao wenye mechi, saa na kiingilio, vyote kwa chaki. Ubao huo ni tangazo la bei lililo safi kuliko matangazo mengi ya mjini, kwa sababu anayeusoma anajua jumla ya fedha itakayomtoka kabla hajaingiza mkono mfukoni. Akifika mlangoni akaambiwa, "Leo dabi bwana, ongeza mia tano," amevunjiwa ahadi iliyoandikwa. Mia tano ni kidogo, lakini ameshatembea, shughuli zake ameshaziacha, na wenzake wako ndani. Mwenye mlango anajua kwamba hatarudi nyumbani. Bei iliyofichwa, hapa au New York, hufanya kazi kwa kumsubiri mteja afike mahali ambapo kugeuka kunauma.

Upande huu wa Katavi, tiketi ya kuchapwa ililetwa na reli. Wakoloni wa Kiingereza walitaka kusafirisha madini ya risasi ya Mukwamba, wakachepusha njia kutoka Kaliua, na kufikia mwaka 1950 treni ilikuwa inaingia Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Abiria wakabaki na treni yao ya kwenda Tabora. Mtindo wa tiketi za reli za zama hizo ulianzia Uingereza, ambako Thomas Edmondson, karani wa kituo, alibuni kipande cha kadibodi kilichochapwa tayari kituo cha kutoka, kituo cha kwenda, daraja na namba inayofuatana na ya mwenzake. Jioni karani alihesabu namba zilizotoka, na fedha zilipaswa kulingana nazo. Kadibodi ile ilibuniwa ili kampuni isiibiwe na watumishi wake, wala haikumlenga abiria. Hata hivyo abiria alinufaika, maana nauli ilitoka kwenye jedwali la shirika, haikutoka kinywani mwa karani.

Kwenye majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine. Tiketi ilikuwa na bei yake dirishani, lakini filamu kubwa ya Kihindi ilipokuja, walanguzi walinunua tiketi mapema na kuziuza nje kwa bei ya juu. Ulanguzi ulijulikana kwenye foleni za sinema muda mrefu kabla haujawa kosa la kisiasa.

Ulikuja kuwa kosa la kisiasa baadaye. Sheria ya Udhibiti wa Bei ya mwaka 1973 iliunda Tume ya Bei ya Taifa, iliyopanga bei za bidhaa kwa maelfu. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba bei ya sukari na sabuni ilijulikana na kila mtu. Sukari na sabuni zenyewe ndizo zilizokosekana. Soko lilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zikarudi madukani. Lakini naamini tulifanya kosa moja kubwa: tulipoacha kupanga bei, tulilegea pia katika kudai itangazwe. Ni mambo mawili tofauti. Mfanyabiashara anaweza kuwa huru kuuza kwa bei aitakayo, na bado akalazimika kuisema yote tangu mwanzo.

Sheria zilijaribu kufuata. Iliyotungwa mwaka 1994 kuhusu biashara ya haki ilifutwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Humo inakatazwa kumpotosha mlaji, pamoja na kumpotosha kuhusu bei. Ni sheria nzuri, lakini inazungumza kwa ujumla. Tamasha na kiingilio haivitaji.

Kwenye usafiri tumekwenda mbali zaidi. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza ukomo wa nauli ya basi la mikoani la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, kutoka 41.29. Kwa ukomo huo kilomita 100 hazikupaswa kuzidi shilingi 4,847, na mtu yeyote stendi ya Mpanda anaweza kupiga hesabu ya aina hiyo kwenye simu. Ndiyo sababu nauli inapopandishwa kinyemela mwishoni mwa mwaka, abiria wanalalamika wakiwa na namba mkononi. Anayelalamikia kiingilio cha tamasha hana namba ya kushika.

Simu nayo ilituletea makato. Waswahili tumejifunza kusema "weka na ya kutolea", ambayo ni njia yetu wenyewe ya kudai bei kamili. Kenya, Mamlaka ya Ushindani iliingilia kati mwaka 2016 na kuzitaka kampuni zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Julai 2021 Tanzania ikaongeza tozo ya miamala, na kilio kikawa kikubwa hata Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba.

Nchi tajiri hazikutangulia kwa mbali kama tunavyodhani. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2008 kwamba bei ya tiketi ya ndege itajwe ikiwa na kodi na ada zote. Uingereza ilipiga marufuku ada za lazima zinazoibuka mwishoni kuanzia Aprili 2025. Marekani, kuanzia tarehe 12 Mei 2025, anayeuza tiketi za muziki au michezo lazima aonyeshe jumla tangu tangazo la kwanza. Kanuni hiyo haisemi tiketi iwe shilingi ngapi. Inasema tu jumla isifichwe.

Sisi tunaihitaji kuliko wao. Mkulima wa Kasokola aliyezidishiwa shilingi 2,000 getini hawezi kufungua shauri, kwani nauli ya kulifuatilia ingezidi alichodhulumiwa. Kinga inayoweza kumfikia ni ile inayofanya kazi kabla hajalipa, na mlango wa kuipitishia upo tayari: tamasha halifanyiki bila kibali, na afisa utamaduni wa halmashauri anaijua kazi hiyo. Kibali kiwe na sharti moja zaidi, kwamba bango na tangazo la redio vitaje kiingilio kamili, pamoja na ada ya mtandao na bei ya getini kama ni tofauti, na kwamba atakayetoza zaidi ya hapo asipewe kibali kingine msimu huo.