Uokaji wa nyumbani Kombewa

Uokaji wa nyumbani Kombewa ni utengenezaji wa mkate, keki na vitafunio vya ngano katika mji huu mdogo wa Seme, Kaunti ya Kisumu, kwenye barabara iendayo Bondo. Ngano si zao la huku. Mlo wa kawaida ni ugali na samaki, na unga mweupe hununuliwa dukani.

Nyumba nyingi hazina oveni, hivyo huokwa juu ya jiko la makaa. Sufuria kubwa nzito hutandazwa mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, ikafunikwa na kupashwa kwa robo saa. Ndani yake huwekwa kopo au sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, na juu ya mfuniko wa bati hupangwa makaa. Kosa la kawaida ni kuuamini moto wa chini. Mchanga hutunza joto kwa muda mrefu, kwa hiyo makaa ya chini yawe machache na ya juu yawe mengi. Vinginevyo keki huungua kitako ilhali uso bado ni uji. Mfuniko usiinuliwe dakika 20 za kwanza, la sivyo keki hubonyea katikati.

Kwa mkate, gramu 500 za unga huchukua takriban mililita 300 za maji, gramu 10 za chumvi na kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu. Vitabu vya nchi za baridi huagiza maji ya vuguvugu. Hapa, ambapo mchana joto hukaribia nyuzi 30, maji ya mtungi yanafaa zaidi. Donge huumuka upesi, na likiachwa kupita kiasi hunuka pombe na kusinyaa. Kisha kuna mwinuko: Ziwa Victoria, lililo jirani, liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na baking powder ya keki ipunguzwe kidogo.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vikichemshwa na kupondwa, vinaweza kuchukua nafasi ya robo ya unga. Maji nayo yapunguzwe. Mkate hupata rangi nzuri na viambata ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, tena hukaa laini siku nyingi zaidi. Unga wa mtama au muhogo hauna gluteni, haunyumbuki; ukizidi, mkate huwa tofali.

Mandazi na hafukeki (wengine huziita ngumu) hukaangwa, ila mpishi huwa yule yule. Mafuta yako tayari kipande cha donge kikiibuka mara moja kwa mapovu.

Mkate ulioiva hulia kama kitu kitupu ukigongwa chini. Anayeanza aanze na huo, si keki: donge la hamira huvumilia makaa yaliyopangwa vibaya, keki haivumilii.