Upunguzaji wa taka za viwandani kwenye chanzo: Mkoa wa Katavi

Upunguzaji wa taka kwenye chanzo ni namna ya kuendesha kiwanda, kinu au mtambo ili taka zisizaliwe, au zizaliwe chache na zisizo na sumu kali, kabla ya kufikiria kuzisafisha, kuzirejeleza au kuzitupa. Hufanyika kwa kubadili malighafi, kurekebisha mashine, kupanga upya hatua za kazi au kuachana kabisa na kemikali fulani. Kuzoa taka na kuzipeleka dampo hakumo katika maana hii, hata kukifanywa kwa ustadi mkubwa.

Katavi ni mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Mpanda. Viwanda vikubwa ni vichache. Uzalishaji mwingi uko katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, matanki ya sayanidi, mashine za kukoboa mpunga na kusaga mahindi, mitambo midogo ya kukamua alizeti na mabani ya kukaushia tumbaku. Kwa hiyo anayetafuta taka za viwandani mkoani humu asitazame bomba la moshi wala bwawa la majitaka. Atazame lundo lililo nyuma ya mashine, kisha aulize ni la nani. Swali hilo ndilo linaloamua mengi, kama itakavyoonekana.

Historia

Mji wa Mpanda ulikua kwa mgodi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mukwamba, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kidogo, na reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilijengwa kwa ajili yake mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ulifungwa 1960. Katika zama hizo mabaki ya kusafishia mawe yaliachwa palepale, kama ilivyokuwa desturi ya migodi karibu duniani kote.

Wazo la kuzuia taka zisizaliwe lilipata nguvu baadaye. Mwaka 1975 kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha programu ya kuwahimiza wafanyakazi wake wabuni njia za kuzalisha zisizochafua, kwa hoja ya kibiashara kabisa: kinachotupwa kilinunuliwa kwanza. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria iliyoweka upunguzaji kwenye chanzo mbele ya urejelezaji, usafishaji na utupaji. Tanzania haikuchelewa sana. Kituo chake cha Uzalishaji Safi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1995 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya viwanda na mazingira, kikiwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya aina hiyo duniani. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ilifuata 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira 2004, ambayo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilipewa kuilinda.

Dhahabu na zebaki

Katika machimbo kama Ibindi, Magamba na Dirifu, mawe hutolewa duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, kwa magunia na kupelekwa mwaloni. Hupondwa, kisha husagwa kwenye karasha, yaani pipa la chuma linalozunguka likiwa na magololi ndani, mpaka yawe unga. Unga huoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au mataulo: chembe nzito hunasa kwenye nyuzi, nyepesi hupita na maji. Mataulo hukung'utiwa kwenye beseni. Mchanga mweusi unaobaki hutiwa zebaki na kukandwa kwa mkono, zebaki ikashika dhahabu. Kisha hukamuliwa kwenye kitambaa, na donge linalobaki huchomwa ili zebaki iruke.

Donge lililokamuliwa vizuri bado huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Anayechoma donge la gramu 10 mahali pa wazi hupeleka hewani zebaki ya gramu kama 5, na pua ya kwanza kuipokea ni yake mwenyewe. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Mvuke ukipoa hurudi kuwa zebaki na kutua juu ya mabati, udongo na maji. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina nyingine inayojikusanya katika samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwa mlaji.

Jiografia ya Katavi inaongeza uzito. Mto Katuma unatoka nyanda za juu za Mpanda, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kupitia maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yake yanaelekea bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka kwenda baharini. Maji huondoka kwa kukauka juani. Metali nzito haikauki.

Njia za kuzuia zebaki kwenye chanzo zinajulikana, na hazilingani kwa faida. Ya kwanza ni kutoitia zebaki kwenye karasha pamoja na mawe yote, kwa sababu magololi huisaga ikawa chembe ndogo mno zinazopotea na tope. Wachimbaji wengi wa Tanzania tayari hutia zebaki kwenye mchanga uliooshwa tu, jambo ambalo linaokoa zebaki nyingi hata kabla ya mtaalamu yeyote kufika.

Ya pili ni ritoti, chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu na bomba linaloteremka hadi kwenye bakuli la maji. Donge huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupoa bombani na zebaki hudondoka ikiwa tayari kutumika tena. Ritoti nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 90. Iko kanuni moja ambayo mfundishaji asiisahau: ncha ya bomba isizame majini, kwani chungu kikianza kupoa huvuta maji ndani, na maji yakikuta chuma cha moto chungu kinaweza kupasuka. Mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, uliofanya kazi Rwamagasa, Geita, katika miaka ya 2000, ulifundisha matumizi ya ritoti kwa wachimbaji wadogo. Pingamizi la mchimbaji ni lilelile kila mahali: anataka kuiona dhahabu yake muda wote, na chungu kilichofungwa kinamnyima macho. Si pingamizi la kipuuzi. Mwaloni watu wanaodai sehemu ya donge lile huwa wengi.

Ya tatu ni boraksi. Wachimbaji wa Ufilipino wameitumia kwa miaka mingi: mchanga mweusi husafishwa zaidi kwenye karai, huchanganywa na boraksi na kuyeyushwa kwa mkaa unaopulizwa, uchafu ukayeyuka juu na dhahabu ikashuka chini. Zebaki haitumiki kabisa. Wanajiolojia kutoka Denmark waliileta njia hii kwa wachimbaji wa Tanzania, na maelezo yake yakachapishwa 2010. Inadai mkono wenye subira, na si kila jiwe linaikubali. Mawe yenye salfaidi nyingi, yaani madini yaliyoungana na salfa, ambayo ukanda wa madini wa Mpanda unayo, husumbua.

Sayanidi

Kuosha kwa ubao hakutoi dhahabu yote. Mara nyingi haifiki hata nusu. Mchanga uliokwisha kuoshwa, unaoitwa marudio, hupelekwa kwenye matanki ya saruji na kulowekwa katika maji ya sayanidi kwa siku kadhaa. Dhahabu huyeyuka, maji hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaoinasa, na mkaa huenda kutolewa dhahabu yake kwenye mtambo mwingine.

Hapa kosa la hatua ya kwanza hukua. Marudio yenye zebaki yakikutana na sayanidi, zebaki nayo huyeyuka na kupata uwezo mkubwa zaidi wa kusafiri na maji kuliko ilivyokuwa mwanzo, huku ikila sayanidi iliyonunuliwa kwa ajili ya dhahabu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017 na ambao Tanzania iliuridhia 2020, unalitaja jambo hili kati ya manne yanayopaswa kukomeshwa. Mengine ni kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma donge mahali pa wazi na kulichoma katika makazi ya watu.

Ndani ya tanki lenyewe, kinga kubwa ni chokaa. Maji yakibaki na alikali ya pH 10 na zaidi, sayanidi hukaa majini. Yakishuka hadi karibu 9, sehemu kubwa hugeuka gesi, nayo ni gesi inayoua. Mwenye mtambo anayebana chokaa anapoteza sayanidi kwa thamani kubwa kuliko chokaa aliyookoa, mbali na hatari kwa vijana wanaokoroga tanki. Kuyazungusha maji yaleyale katika tanki linalofuata, badala ya kuyamwaga, hupunguza gharama na sumu kwa pamoja.

Mpunga, tumbaku na mengineyo

Kakese na bonde la Mpimbwe hulima mpunga mwingi. Makapi ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na hayo hayaepukiki. Kinachoepukika ni chenga na mchele uliosagika ukaingia kwenye pumba. Mashine ya zamani ya silinda ya chuma hukoboa na kung'arisha kwa mpigo mmoja, ikavunja punje na kutoa mchanganyiko wa makapi na pumba usiofaa sana kwa mifugo. Ile ya roli za mpira hutenganisha hatua hizo, mchele mzima ukaongezeka na pumba ikatoka safi. Lakini hata mashine bora haimwokoi mkulima aliyeanika mpunga barabarani mpaka punje zikapasuka, au aliyeuleta ukiwa mbichi. Unyevu wa asilimia 14 ndio unaofaa kukoboa. Chanzo cha taka ya kinuni, kwa maana hiyo, mara nyingi kiko uwanjani kwa mkulima.

Tumbaku ya mvuke ya Mpanda hukaushwa kwa kuni za miombo. Mabani yaliyoboreshwa, yenye tanuri lililofungwa na mabomba ya kusambaza joto, hula kuni kidogo kuliko ya zamani. Oili chafu ya jenereta na mashine za dizeli, ambazo Mpanda ilizitegemea kwa miaka mingi, hupungua kwa kuchuja dizeli na kubadili oili kwa saa za kazi badala ya kubahatisha.

Nani anamiliki mabaki

Maelezo mengi ya upunguzaji wa taka huchukulia kwamba anayesababisha upotevu ndiye anayepata hasara, kwa hiyo akionyeshwa hesabu atajirekebisha. Katika kiwanda chenye mwenye mali mmoja ni kweli. Mwaloni sivyo. Katika maeneo mengi ya wachimbaji wadogo nchini, mwenye mawe husagiwa kwa bei nafuu au bila malipo, naye humwachia mwenye karasha marudio. Dhahabu isiyokamatwa siku ya kwanza ndiyo faida ya mwenye mwalo siku ya sayanidi. Ubao mbovu, unga uliosagwa nusunusu na taulo lililochakaa humpa yeye zaidi. Kinuni hali hujirudia kwa kiasi kidogo: pumba mara nyingi hubaki kwa mwenye mashine, na mashine inayovunja mchele humwachia pumba nzito.

Ndiyo maana kugawa ritoti pekee hakujabadili mengi. Mchimbaji akiwezeshwa kulipia usagaji kwa gunia, kwa fedha taslimu, na marudio yakabaki mali yake au yakapimwa na kununuliwa kwa bei inayofuata dhahabu iliyomo, kila upande utatafuta kukamata dhahabu mapema na bila zebaki, maana zebaki itapunguza thamani ya marudio. Tume ya Madini na halmashauri za Mpanda, Nsimbo na Tanganyika zingeanza na mkataba wa mwalo kabla ya kununua vifaa.